Doa la Mawese

Wiki nzima Madame, mwalimu wa darasa la kwanza, alimfokea Ishema, msichana aliyeteremka karibuni kutoka milima ya Bijombo. Wenzake waliitikia kadi za herufi papo hapo. Yeye aliikodolea macho kila moja mpaka akamchosha Madame roho.

"Weye, unangoja nani akufungue kinywa?"

Madame akachomoa kadi ya M, ile aliyoidondoshea mawese jikoni kwake. Kwa hasira zake ikamponyoka, ikaanguka kifudifudi.

"Mmmm!" darasa zima likapaza sauti.

Madame akainama kuiokota, akaganda. Herufi ilikuwa upande wa chini. Juu palionekana doa jekundu tu, lililopenya hadi nyuma ya kadi.

"Uigeuze kwanza, Madame," Ishema akasema. "Miye naangaliaka herufi."