Treni Isiyochezewa

Mwanakombo alipindua kichwa cha treni, akakifunga uzi mweusi tumboni, kati ya magurudumu, kama anavyofungwa mtoto mchanga kiunoni. Akakaza fundo kwa meno.

"Mama, hilo ni bati," Gahungu alimwambia. "Haliugui degedege."

"Hasadi haichagui. Wewe tia kwenye boksi."

Gahungu alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Pale sokoni Kibirizi, pembeni ya wauza dagaa, aliuza treni ndogo alizotengeneza kwa makopo ya mafuta ya msaada: vichwa, mabehewa, mpaka ngazi za kupandia. Mwanzoni wanunuzi walikuwa watoto. Kisha wazungu wa mashirika ya wakimbizi wakaanza kuzikusanya na kuzipanga kwenye makabati yao, bei ikapanda, watoto wakabaki kutazama.

Mwanakombo naye alikuwa na sababu yake. Mwanawe mkubwa, Gharib, alipanda treni ya kweli kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, habari zake zikaishia Tabora. Akabaki na Ashraf, kijana aliyemaliza shule na hana kazi. Honi ikilia stesheni, Ashraf aliacha ugali akaenda kusimama mlangoni.

Mama mwingine angemkalisha mwanawe wakazungumza. Mwanakombo akaamua kumnunulia treni. Kwake hesabu ilikaa sawa kabisa: mwenye treni yake chumbani, ya stesheni ataifuatia nini?

Siku hiyo, kabla ya kufunga uzi, alikuwa ameshika treni ya mtumba, imechubuka, bei yake nafuu. Ashraf, aliyefuatana naye, akamzuia.

"Mpya, mama. Hiyo mwenyewe ameshaifaidi."

"Umesikia?" Mwanakombo alimgeukia Gahungu kwa fahari. "Mwanangu anajua vitu." Yeye mwenyewe alikuwa amevaa fulana ya mtumba, kifuani imeandikwa maneno ya Kizungu ambayo mpaka leo hajui yanamtukana au yanamsifu.

Basi akawa anaongeza behewa moja moja, yote mapya, na kila akienda bei imepanda tena. Doti za kanga alizowekea harusi za wanawe zikauzwa. Sufuria kubwa ya pilau ikafuata. Nyumbani mboga ikawa dagaa, kesho yake dagaa, mpaka Hasna wa nyumba ya pili akamuuliza kama ananunua treni au reli nzima.

"Nanunua usingizi, Hasna."

Na kweli alilala. Honi ililia, Ashraf hakuinua hata shingo. Kila mama akirudi Kibirizi, kijana aliuliza bei imefika wapi, na Mwanakombo akafurahi kupata mtoto anayejali jasho la mzazi. Ashraf alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuzishika treni zake, akazifuta kwa kitambaa, akazirudisha kwenye maboksi.

"Zichezee basi, nikuone," mama alimbembeleza.

"Zitachubuka, mama."

Mwanakombo akaenda kutangaza bombani: mtoto ukimpa cha kushika hatoki nyumbani, wenye watoto wa kuhangaika waje awafundishe. Na wawili walikuja.

Likabaki behewa la mwisho, la breki. Alipolileta, Ashraf alimshika mikono yote miwili, akaibusu, asiiachie.

"Nawe, behewa tu," mama akamwambia, huku anacheka.

Kesho yake Ashraf aliaga mapema kwamba anashinda Ujiji kwa rafiki. Alasiri Mwanakombo akafunga samaki, migebuka minono, kwenye gazeti, akaenda kumshukuru Gahungu. Hakumkuta, alikuwa amekwenda kambini, na mezani amekaa mkewe, Ndayikunda. Mbele yake palikuwa na seti nzima ndani ya maboksi, kuanzia kichwa mpaka behewa la breki.

"Mumeo ametengeneza nyingine kama ya kwetu?"

"Atatengenezea nini, mama? Siku hizi mafuta yanakuja kwenye madumu ya plastiki. Hii ni ya mtumba."

"Ya mtumba? Basi bei yake ya kuokota."

"Imepita mpya. Haijachezewa hata siku moja. Kaileta kijana mmoja mpole leo asubuhi, mzungu akailipia hapo hapo. Anakuja kuichukua."

Mwanakombo akatikisa kichwa. "Kijana anauza seti nzima, na nyumbani ana mama. Wengine wanazaa tu, hawaangalii."

"Ego, mama, kweli kabisa. Nami nilimuuliza, mamako anajua? Akasema mama yake siku hizi anapata usingizi, hapendi kumwamsha."

Mwanakombo alicheka, akakipindua kichwa cha treni atazame magurudumu. Vidole vyake vikagusa uzi mweusi, na fundo lenye alama za meno.

Kule stesheni honi ikalia.