Kanga na Kasuku Wake Msomi

Mama Kanga aliwapelekea wanyama wote ujumbe wao, tena bure, maana roho yake ni nzuri mno. Kila ujumbe alimsomea kwanza Kasuku wake, ili ajifunze kusoma na kuongea vizuri.

Siku moja Nungunungu alimsikia Kasuku akimweleza Fisi kwamba miiba ya Nungunungu imenyonyoka. Siri hiyo alikuwa amemwandikia mkewe tu.

"Nani alikupa ruhusa?" Nungunungu akamuuliza Kanga.

"Wewe, mzee wangu. Hukukataa, kwa hiyo ulikubali."

Kesho yake Kanga akamwandikia mumewe mahali alipoficha mayai. Kasuku, mwanafunzi mwenye bidii, akausoma ujumbe huo pia. Kenge alipouliza mayai yalipo, Kasuku akamwelekeza kwa adabu.

Kanga akakuta maganda matupu. "Kasuku, nani alikupa ruhusa?"

Kasuku akamjibu kwa sauti ya Kanga mwenyewe: "Hukukataa, kwa hiyo ulikubali."