Tabasamu la Mama

Sheria ilitaka kila nyumba ipunguze walaji, kwa hiyo mama yake Somoe alidungwa sindano ya slothi, yule mnyama wa kucha tatu anayeshinda mtini akitafuna majani polepole. Sasa konzi moja ya kisamvu ilimtosha mama kwa siku nyingi. Alikaa barazani kwenye kiti cha kamba, nywele zimeota ukungu wa kijani, na uso wake ulitabasamu wakati wote kama wa mnyama huyo, hata uji ulipommwagikia na kumuunguza.

Asubuhi moja Somoe alikuwa akimchana nywele.

"Mama, wameongeza mtu wa pili kila nyumba. Leo wanakuja kunidunga mimi. Huko ndani unaumia? Niambie basi."

Mkono wa mama ulianza kuinuka pajani, taratibu kama kivuli kinavyohama.

Adhuhuri, Somoe angali kando ya mama, nesi akapiga hodi na sindano yake.

"Usiogope, mwanangu. Mtazame mama yako anavyocheka! Sisi wa mbiombio ndio tunaotaabika."

"Karibu, shangazi," Somoe alisema kwa sauti ndogo, akataka kunyoosha mkono adungwe.

Haukunyooka. Vidole vya mama vilikuwa vimeufikia na kuukamata. Nesi alivuta kimoja, akavuta kingine, kisha akavuta vyote kwa mikono miwili mpaka jasho likamtoka.

"Hebu mwambie aachie!"

Somoe alimgeukia mama. Uso ulitabasamu vilevile, ila midomo ilikuwa imeanza kufunguka. Akaketi chini, mkono wake ukiwa bado umeshikwa, akalisubiri neno.