Jiko Linalokagua Macho

Kila alfajiri jiko halikuwaka mpaka likague macho ya mpishi. Bi Mwanakombo, mkononi kitufe cha kubonyeza kila aonapo kitaa kikiwaka pembeni, alikazia macho nukta ya katikati hadi machozi yakamtoka. Angeyageuza kuvitafuta vitaa hivyo, jiko lingemrudisha mwanzo, naye alishachoka. Nyuma yake bintiye, Mwanasha, alimsuka nywele. Kila kitaa kilipowaka kushoto, aliuvuta msuko kidogo, na mama akabonyeza.

"Umefaulu," jiko likasema, likawaka.

"Leo tena tumelishinda," Bi Mwanakombo akashusha pumzi. "Mjukuu wangu bado amelala?"

Mtoto alikuwa kushoto kwa bibi yake, ameshika kanga ya bibi, akiunyooshea moto mkono. Mwanasha akamnyakua kimyakimya, akamziba mdomo.

"Bado amelala, Mama."