Plasta ya Tarehe Tisa

Muuguzi Dafrosa alikwisha kusafisha vidonda kumi na vinne tangu asubuhi, na moyo wake ulikuwa umeota sugu kama kisigino. Akauliza kwa mazoea tu.

"Bendeji unabadilisha kila siku, mzee?"

"Kila siku, binti yangu," akasema Mzee Ngwali, akiinua mguu. "Mke wangu ndiye anayenifunga."

Dafrosa akaitazama plasta iliyoshikilia bendeji. Ilikuwa imeandikwa tarehe tisa, kwa mwandiko wake yeye mwenyewe, na leo ilikuwa ishirini na saba. Hakumsuta. Akaibandua taratibu, akaosha kidonda, akafunga upya.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Nikitoka namfungia mlango, asije akapotea tena."

Mzee akagusa ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Dafrosa akavuta daftari la wagonjwa wa kutembelewa nyumbani, akaandika jina la mzee, kisha akashusha kalamu kwenye mstari wa pili.

"Mama anaitwa nani?"

Mzee akauvua ule ufunguo, akauweka juu ya daftari, lakini kidole hakukiondoa.