Ngedere Muonja Zabibu

Asiyeamini anyamaze, maana Ngedere huyu mimi namjua kuliko mamaye. Kwenye mashamba ya zabibu mlimani alijifanya muonjaji mkuu; asipozisifu, huuzi. Kwa kila kikapu alikunja uso: "Chachu! Ziacheni hapa mlangoni." Wenyewe wakiondoka, anazila zote.

Kanga akaleta mavuno yake yote. Ngedere akaonja, akatema. "Chachu, bibi wee! Ziache."

"Niache takataka mlangoni kwa mkubwa? Hapana, baba." Akawaita vifaranga wake. "Wanangu, msafishieni mheshimiwa uwanja."

Wakadonoa. "Mama, mbona tamu?"

Majirani waliopanga foleni na vikapu vyao wakageuka kukitazama kitambi cha Ngedere. Siku hiyo alionjeshwa mawe, na hakusema ni machachu.