Juu ya Friji

Lorene alinyoosha mkono juu ya friji kuchukua boksi la konfleksi za mjukuu wake, vidole vyake vikagusa chuma baridi. Ilikuwa bastola ya mwanawe, na risasi zilikuwa ndani.

"Iondoe hapa!" alimwambia mwanawe, aliyekuwa akifunga kamba za viatu vya kazi. "Mtoto ana miaka minne."

"Mama, hafiki huko juu. Mwizi akiingia, nianze kutafuta ufunguo?"

"Krismasi nilikununulia kasha lenye kufuli."

"Hii ni nyumba yangu. Ukiigusa tu, nitamtafutia binti yangu mlezi mwingine."

Akatoka, akawasha gari. Lorene akawapigia simu polisi wa wilaya. Aliyepokea alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho.

"Nakuelewa, mama. Hata mimi nina wangu wadogo. Lakini kuna sheria gani ya kumlazimisha aifungie? Kila mwaka wabunge wanabishana kule Nashville, na haipiti. Hajafanya kosa."

"Kwa hiyo nisubiri afanye?"

"Pole sana, mama," alisema yule mtu, akakata simu.

Lorene alibaki ameegemea sinki, akifuta machozi. Akahisi sketi yake ikivutwa. Mjukuu wake alikuwa amesimama pale amevaa pajama zake, akimtazama kwa huruma.

"Usilie, Bibi. Haiumi. Ni nzito tu, lakini ukiishika kwa mikono miwili haianguki."